Doa kwenye Kadi ya Traub

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi ya pili ya Machi, meza ya kona katika ukumbi wa zimamoto wa Hadley Forge haikuwa na kitu juu yake isipokuwa kofia ya besiboli. Meza nyingine zote zilijaa kadi za picha za wachezaji wa besiboli. Watu waliokuwa wakitafuta nafasi ya kukaa waliikwepa meza ile kana kwamba imepakwa rangi ambayo haijakauka. Mpelelezi wa kaunti, Corinne Babiak, alisimama kando yake akasoma jina lililoandikwa kwa kalamu ndani ya ukingo wa kofia: Sabo.

Emil Sabo, mstaafu wa kiwanda cha chuma, alikuwa mwenye meza hiyo kila mkutano wa wakusanyaji wa kadi. Mwezi uliopita, Ijumaa ya mkesha wa mkutano wa Februari, mtu alimpiga kichwani kwa chuma cha kuegemezea vitabu katika chumba cha chini cha nyumba yake. Jumamosi wenzake waliona meza yake tupu wakadhani ana mafua. Jumapili mpwa wake alimkuta amekufa.

Kati ya maelfu ya kadi alizokuwa nazo ilikosekana moja, ya mdakaji Ossie Traub, ya mwaka 1934, kutoka enzi zile kadi zilipokuwa zikifungwa pamoja na chingamu. Kasha lake gumu la plastiki lilikutwa sakafuni limevunjwa kwa nguvu. Kwenye ncha ya kipande kimoja kulikuwa na tone la damu. Maabara ilithibitisha kuwa ni ya binadamu, lakini lilikuwa dogo mno kujulikana ni la nani.

Jumatatu alikamatwa Vernon Dzurko, rafiki wa Sabo wa miaka mingi. Alama za vidole vyake zilijaa chumba kile, kwa kuwa alikwenda pale kila wiki. Jirani aliliona gari lake mbele ya nyumba jioni ya Ijumaa. Na kwenye mkutano wa Januari watu ukumbi mzima walimsikia akimwita Sabo mwizi, kwa sababu ya mabadilishano yaliyokwenda kombo. Jambo la kumtetea lilikuwa moja tu. Picha zilizopigwa siku aliyokamatwa zilionyesha mikono isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na Babiak aliamini kuwa aliyelivunja kasha lile alijikata.

Mwendesha mashtaka, Alden Marsh, hakuwa na imani hiyo. Alikuwa amempa Dzurko hadi Jumanne kuchagua: akiri kuua bila kukusudia na apewe miaka kumi na mitano, au aende kwenye kesi ya mauaji ambayo kifungo chake ni cha maisha. Dzurko alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Babiak aliiacha meza ya kona akaenda jikoni, ambako Dolly Marusak, mratibu wa mikutano hii, alikuwa anakaanga pierogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, kwa siagi na vitunguu.

"Umekuja kula au umekuja kutusumbua?" Dolly aliuliza bila kugeuka.

"Vyote viwili."

"Basi anza na kula. Ukitusumbua kwanza nitakupa zilizoungua."

Kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha la jikoni, Lyle Petroski, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa akibishana na mzee mmoja aliyevaa ovaroli.

"Hii unaiita kadi?" Petroski alisema. "Hiki ni kipande cha mkate kilichotumbukia kwenye mchuzi."

"Kona zake nne zote ziko hai, Lyle. Zilizokufa ni zako wewe."

"Nakupa kadi za warushaji wawili."

"Wawili! Mmoja ana mkunjo usoni kama mama mkwe wangu. Ongeza mmoja."

"Mama mkwe wako ana thamani kuliko kadi hii. Mlete yeye, tutaelewana."

Mzee wa ovaroli alicheka hadi akakohoa. Petroski aliinua kadi kwa kingo zake tu, kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. Chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia alikuwa na kovu la rangi ya waridi, jipya, lililokata kiganja mshazari. Babiak aliliona, akala pierogi moja.

Kisha akafanya jambo ambalo ofisi yake haikuwa imelifanya kwa wiki nne. Alimwonyesha Dolly picha ya kadi iliyopotea.

Uamuzi wa kuificha ulikuwa wa kawaida. Anayejua kitu gani kimeibwa bila kuambiwa ndiye anayetafutwa. Lakini hakuna aliyejikwaa, na siku zilikuwa zimebaki tatu.

"Sabo aliipiga mwaka jana kwa ajili ya bima ya nyumba," Babiak alisema. "Umewahi kuiona?"

Dolly alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani. "Hii ndiyo iliyochukuliwa?"

"Ndiyo."

"Traub? Mmeniacha mwezi mzima nikidhani wamechukua kitu cha maana." Kisha uso wake ukabadilika. Alizima jiko, akatoa simu mfukoni, akapekua kwa muda mrefu. "Wendell Oster alinitumia picha. Wiki tatu hizi. Aliniuliza kama hii ni gundi au ni tumbaku."

Babiak aliziweka picha mbili sambamba. Traub yule yule, kofia imegeuzwa, anaangalia juu akingoja mpira. Katika zote mbili, ukingo mweupe wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Katika zote mbili, juu ya sikio lake palikuwa na nukta ya wino mwekundu iliyoangukia pasipo mahali pake siku ya kuchapwa.

"Nukta hii huwa kwenye kadi ngapi za Traub?"

"Sijawahi kuiona nyingine. Na nimeshazishika Traub nyingi, hakuna azitakaye."

Tofauti ilikuwa moja. Katika picha ya Sabo kona ya chini kulia ilikuwa safi. Katika picha ya Oster kona hiyo ilikuwa na doa la kahawia, lenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kingo zake nyeusi kuliko katikati.

"Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu chochote. Tulikuwa tunamzika Emil wiki ile." Dolly alivua miwani. "Ile siyo gundi, sivyo?"

"Oster anaishi wapi?"

"Barabara ya Kiln, nyumba ya njano. Ametoka kubadilishwa nyonga, haendi popote. Na usimtishe, yule ni mtu mpole. Anakusanya wadakaji tu. Kadi ikiingia kwa Wendell haitoki tena, sote tunalijua hilo. Kwake ni makaburini."

Wendell Oster alifungua mlango akiwa ameegemea fremu ya kutembelea. Alifurahi kupata mgeni. Alipoambiwa kwamba mgeni amekuja kuiona Traub, alifurahi zaidi, akamtangulia jikoni kwa hatua fupifupi akiongea njia nzima.

"Kaa hapo, mama, sukuma huyo paka. Umebahatika. Ungekuja mwezi uliopita ungeona aibu."

Juu ya meza, kwenye kitambaa kisicho na vumbi, kulikuwa na trei mbili bapa za kusafishia picha, kibano cha plastiki na chupa kubwa ya maji yasiyo na madini, ya aina inayotiwa kwenye betri za magari. Babiak aliziangalia trei zile. Zilikuwa kavu.

Oster alimwekea kadi mbele yake, ndani ya mfuko laini na ganda gumu. Nukta nyekundu ilikuwepo. Ukingo wa kushoto ulikuwa mpana. Kona ya chini kulia ilikuwa nyeupe.

"Unaona?" Oster alisema. "Tafuta doa. Haya, litafute."

"Silioni."

"Hutaliona! Hata kwa kioo cha kukuzia hutaliona. Kadi za zamani zina wino mgumu, mama, hauchuji. Unailaza majini usiku kucha. Asubuhi unamwaga, unatia mengine. Ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Nikasema, hapana, Wendell, bado. Nikarudia tena, na tena. Usipandishe joto la maji, usisugue, usiwe na haraka. Kisha unaiweka katikati ya karatasi za kufyonza, juu yake kamusi mbili na pasi ya marehemu mke wangu. Siku tano."

"Maji uliyamwaga wapi?"

"Kwenye sinki. Kwani yangekwenda wapi?"

"Na karatasi za kufyonza?"

"Zile chafu nilizitupa. Gari la taka lilipita Alhamisi." Alimtazama, na furaha ikaanza kumtoka. "Kuna tatizo?"

"Ulidhani doa lile ni nini, Bwana Oster?"

"Gundi. Kadi nyingi zilibandikwa kwenye albamu enzi za watoto wa zamani. Nilikuwa na shaka kidogo, maana gundi huwa nyuma, siyo usoni, ndipo nikamtumia Dolly picha. Hakunijibu. Lakini Lyle alishaniambia ni gundi."

"Lyle Petroski?"

"Ndiye aliyeniletea. Alikuja kunijulia hali, baada ya mkutano wa Februari. Wiki ile ile. Aliketi hapo hapo ulipoketi. Nikampa warushaji wawili, na nilimwonea huruma, nilihisi namwibia. Akasema, 'Chukua, mzee, utakapopona utanilipa kwa chakula.' Akasema, 'Ni gundi tu hiyo, iloweke, wewe una mkono mzuri kuliko sisi sote.'"

"Alikuambia ameipata wapi?"

Oster alionekana kutoelewa swali. "Hatuulizani hilo. Mtu akikuwekea kadi mezani unauliza anataka nini. Ukimuuliza imetoka wapi umemwita mwizi."

Babiak alivaa glovu, akafungua mfuko wa ushahidi. Alimweleza kadi ile ni ya nani na iliondoka vipi kwa mwenyewe. Alieleza kwa sentensi nne, bila kuongeza neno. Oster alikaa. Mikono yake ilibaki juu ya kitambaa, imekunjuliwa, viganja chini.

"Mngesema," alisema hatimaye. "Mngesema tu ni Traub. Gazetini waliandika 'kadi ya thamani'. Mtu atajuaje? Traub siyo kadi ya thamani."

"Najua."

"Nisingeitia majini, mama. Kama ningejua ni ya Emil nisingeigusa kabisa."

Babiak aliandika maelezo yake, akamsomea, akampa asaini. Alichukua trei, kibano, kamusi mbili na pasi. Alifungua bomba la chini ya sinki akachukua maji yaliyokaa kwenye kona, ingawa kwa wiki mbili vyombo vya Oster vilikuwa vimeoshwa juu yake kila siku kwa sabuni. Aliviweka vyote garini.

Alirudi ukumbini kabla meza hazijafungwa. Petroski alikuwa akipanga kadi zake kwenye masanduku marefu ya karatasi. Alimwona akija, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Mpelelezi. Unatafuta mrushaji au mdakaji?"

"Traub. Ya mwaka 1934."

Petroski hakusita. "Umechelewa. Nilimpa Wendell."

"Uliipata kwa nani?"

"Kwa Vern."

Petroski alipanga kadi nyingine tatu.

"Vern Dzurko," alisema. "Mkutano wa Februari, hapa hapa, asubuhi. Alinipa bahasha, nikampa yangu. Traub ilikuwa ndani pamoja na nyingine. Nilipokuja kujua kuwa Emil amekufa, na kwamba ni Vern aliyekamatwa, nilishaipeleka kwa Wendell. Na sikujua kama Emil alikuwa na Traub. Nyinyi hamkusema."

"Ile damu kwenye kona ulidhani ni nini?"

"Gundi."

"Usoni?"

"Nimewahi kuona kadi iliyobandikwa ukutani kwa uso, mpelelezi. Watoto hawana akili."

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Aliunyosha mara moja. Kovu lilikuwa na urefu wa kiungo kimoja cha kidole, limenyooka, halina alama za kushonwa.

"Kopo la samaki," Petroski alisema. "Majira haya ya Kwaresima tunakula samaki mpaka wanatuchoka."

"Lini?"

"Mwezi mmoja, mwezi na nusu. Sikuandika."

"Ulikwenda kwa daktari?"

"Kwa ajili ya kopo? Mama yangu angefufuka anicheke."

"Wakati wa mkutano wa Februari ulikuwa umeshajikata mkono?"

"Huenda." Alifunga kifuniko cha sanduku. "Muulize Vern kama alinipa bahasha. Muulize Dolly, alikuwa amesimama kati yetu."

Babiak alimuuliza Dolly jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Alimuuliza maswali mawili. La kwanza lilihusu mkono wa Petroski.

"Alivaa glovu," Dolly alisema papo hapo. "Siku ile ya Februari. Glovu nyeupe za pamba. Lyle hajawahi kuvaa glovu, huwacheka wanaovaa. Nilimwambia amependeza kama bwana harusi. Siku nzima hakuzivua, hata alipokula."

"Uliona damu? Bandeji?"

"Hapana. Glovu tu."

"Kuna mwingine aliyevaa glovu siku hiyo?"

"Watu watano, sita. Wenye kadi za zamani huvaa." Dolly alikuwa anaanza kuona maswali yanakoelekea. "Lakini siyo Lyle. Mtu yeyote hapa atakuambia."

Babiak alilijua jibu la wakili lingekuwaje. Mkusanyaji wa kadi alivaa glovu kwenye mkutano wa kadi.

Swali la pili lilihusu bahasha. Dolly aliketi juu ya ndoo ya mafuta ya kukaangia.

"Usiniulize hilo."

"Inanibidi."

"Vern alimpa bahasha. Ya kaki. Niliiona. Walibadilishana mbele yangu, Vern akasema, 'Usifungue hapa, Lyle, utalia.' Utani wao. Kila mwezi anasema hivyo."

"Uliona kilichokuwa ndani?"

"Hapana."

"Utaapa mahakamani kwamba uliiona?"

"Nikiapa nitamsaidia nani?"

Babiak alimsogezea kalamu. Dolly alisaini maelezo, sahihi yake ikavuka mstari wa chini.

Kadi aliipeleka mwenyewe maabara ya jimbo alasiri ile ile, pamoja na maji ya sinki na vyombo vyote vya Oster.

Jumapili, katika chumba cha mahojiano cha gereza la kaunti, Vernon Dzurko aliletwa na wakili wake, Ruth Ansel. Dzurko alikuwa mfupi, mabega mapana, nywele zimekatwa vibaya na mtu wa humo humo ndani. Ansel alimruhusu kujibu swali moja baada ya jingine, mkono wake ukiwa mezani kati yao.

"Ulimpa Lyle Petroski bahasha mkutano wa Februari?"

"Ndiyo."

"Vern," Ansel alisema.

"Kwa nini nikatae? Nilimpa. Kulikuwa na warushaji watatu wa miaka ya hamsini. Yeye akanipa wanne wa sitini. Nenda nyumbani kwangu, wako juu ya friji."

"Traub ilikuwa ndani yake?"

"Traub gani?"

"Ya Sabo."

Dzurko alimgeukia wakili wake, kisha akamrudia Babiak. "Emil alichukuliwa Traub? Ndiyo kadi mnayoisema siku zote hizi?"

"Ilikuwa kwa Wendell Oster. Alipewa na Petroski. Petroski anasema aliipata kwako, ndani ya bahasha hiyo."

Dzurko hakupandisha sauti. "Basi ni yeye."

"Kuna mtu aliyeziona kadi ulizoweka ndani ya bahasha?"

"Nilizipakia mwenyewe nyumbani. Naishi peke yangu."

"Petroski alikuwa na ugomvi na Sabo?"

"Hakuna aliyekuwa na ugomvi na Emil ila mimi. Mimi napiga kelele. Lyle hapigi kelele." Alisugua kidevu. "Ile Traub ilikuwa ya Lyle zamani. Baba yake alimwachia. Lyle aliibadilisha kwa Emil alipokuwa kijana, kisha akaitaka tena. Emil akasema iliyokwenda imekwenda. Lyle alikuwa akimuomba kila Krismasi, kwa kucheka. Emil naye alikuwa akikataa kwa kucheka."

"Nani mwingine anayejua hilo?"

"Emil."

Babiak aliandika. Kama maneno hayo yalikuwa kweli, yalieleza kwa nini kadi ilichukuliwa, na kwa nini haikuchomwa moto, ambalo ni jambo la dakika moja na lingemaliza kila kitu. Mwizi asiyejua kadi angeichoma. Petroski aliipeleka kwa mtu ambaye angeisafisha vizuri na asingeitoa tena. Lakini maneno hayo yalitoka kwa mshtakiwa, na shahidi wake pekee alikuwa marehemu.

"Ilikuwa na doa," alimwambia Dzurko. "Kona ya chini. Nadhani ni damu ya aliyelivunja kasha. Oster aliiloweka kabla sijafika."

Ansel alifumba macho. Dzurko aliinama mbele.

"Aliiloweka mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa maji ya chupa? Siyo ya bomba?"

"Ya chupa."

"Na kona? Zimebaki kali?"

"Zimebaki kali, Bwana Dzurko."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Wendell ana mkono mzuri," alisema.

Jumatatu alasiri ripoti ya maabara ilifika. Kadi haikuwa na kitu chochote kinachoweza kusomeka. Trei, kibano, pasi na kamusi vilikuwa safi. Maji ya sinki yalikuwa na sabuni na mafuta ya kupikia. Picha ya Oster ilionyesha doa la kahawia, na mtaalamu aliandika kwamba rangi katika picha ya simu haiwezi kuthibitisha doa ni la kitu gani.

Marsh alisoma ripoti akiwa amesimama, kisha akasoma maelezo ya Oster, ya Petroski, ya Dolly na ya Dzurko, kwa mpangilio huo.

"Umefanya kazi nzuri," alisema.

"Ni Petroski."

"Nipe kitu cha kumpelekea jaji."

"Kovu. Glovu. Yeye ndiye aliyemwambia Oster ailoweke."

"Kovu la kopo. Glovu ambazo nusu ya ukumbi walivaa. Ushauri ambao mkusanyaji yeyote angempa mwenzake. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Na upande wa pili?" Marsh alihesabu kwa vidole. "Kwa wiki nne sikuwa na kitu kinachomuunganisha Dzurko na mali iliyoibwa. Sasa ninacho. Kadi ya marehemu imetoka kwa marehemu, ikapita kwa Dzurko, ikafika kwa Petroski, ikaishia kwa Oster. Dzurko mwenyewe anakiri bahasha. Bi Marusak ameiona. Ulinipa kiungo nilichokuwa nakikosa, Corinne."

"Alden, hakujikata."

"Alivaa glovu." Marsh aliweka karatasi mezani. "Wanavaa glovu, sivyo? Umeniambia wewe."

Babiak aliomba wiki mbili, na kibali cha kupekua nyumba ya Petroski. Marsh alimuuliza angemwambia hakimu anatafuta nini humo, wakati kadi imeshapatikana. Babiak alitaja kopo, nguo zenye damu, glovu. Marsh aliandika ombi, akalipeleka. Hakimu alilirudisha saa kumi na moja jioni, ameandika maneno mawili: halina msingi.

Sheria ilitaka upande wa utetezi upewe kila kitu. Kabla ya ofisi kufungwa Babiak alimpelekea Ansel nakala za maelezo yote manne, ripoti ya maabara na picha. Ansel alizisoma kwenye korido akiwa amevaa koti.

"Kwenye kesi, Petroski ataketi pale na kusema bahasha," Ansel alisema. "Kisha Dolly, ambaye anampenda Vern, atalia na kusema bahasha."

"Ndiyo."

"Na wewe nitakuita useme nini?"

"Nilichokiona."

"Uliona kadi safi."

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, mahakama ya kaunti iliketi. Petroski hakuwepo. Dolly alikaa safu ya nyuma pamoja na Oster, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu. Jaji alimuuliza Dzurko kama anaelewa haki anazoziacha. Alisema anaelewa. Alimuuliza kama ameahidiwa au ametishiwa na mtu yeyote. Alisema hapana. Jaji alimsomea shtaka la kumuua Emil Sabo bila kukusudia, akamuuliza anajibu nini.

Dzurko alimtazama wakili wake.

"Itabidi useme kwa sauti, bwana," jaji alisema.

"Nakiri," alisema Dzurko.

Karani aliandika. Askari wawili walimtoa kwa mlango wa pembeni.